Jina la kampuni umekodi, lakini mfanyakazi ni wako

Ukisimama Namanga saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori hayajaanza kusogea, utaona vibanda vya wakala wa pesa vikifunguliwa kimoja baada ya kingine. Kila kimoja kina rangi ya kampuni ya simu, kingine rangi ya benki, na ndani yake ameketi msichana au kijana mwenye daftari, simu mbili na droo ya noti. Muulize anafanya kazi kwa nani, naye atataja jina lililo ukutani. Ukimuuliza nani anamlipa mshahara, jibu ni jingine kabisa: mama fulani mwenye duka la vitenge upande wa pili, au mzee wa mahindi ambaye leo yuko Arusha.

Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo tunayoichambua leo, kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni huyo mama na huyo mzee. Mmeanza kwa kuvusha bidhaa, mkapata mtaji, mkafungua kibanda cha wakala, kituo cha vifurushi, duka la kuku lenye jina la nje, au mmechukua sheli kwa mkataba na kampuni ya mafuta. Jina si lenu, mmelikodi. Na watu wengi wanadhani kwamba pamoja na jina wamekodi na mzigo wa mwajiri, yaani kwamba kampuni kubwa ndiyo itakayowajibika kijana akiumia, akifukuzwa au akidai likizo. Haiwajibiki. Mikataba mingi ya aina hii huwa na kifungu kinachosema wakala si mfanyakazi wa kampuni wala mshirika wake, na kwamba watu anaowaweka kazini ni wake mwenyewe. Wengi husaini bila kufika ukurasa huo.

Sheria nayo inasema hivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtambua mwajiri kuwa ni yule aliyeingia mkataba wa kumwajiri mtu, na inamjumuisha hata wakala, msimamizi au meneja wake. Kwa hiyo kama umemwachia shemeji yako kibanda, naye ndiye anayeajiri na kufukuza, yeye pia anaweza kuitwa mwajiri. Na mkataba si lazima uwe wa maandishi ili uwe mkataba. Ukimwambia mtu "njoo Jumatatu, nitakupa elfu kumi na nane kwa mwezi", umeshaajiri.

Tanzania inakwenda mbali zaidi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inataja dalili kadhaa, na ikionekana hata moja tu, mtu huyo anadhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo: kwamba wewe ndiwe unayempangia namna ya kufanya kazi, au saa zake, au unampa vifaa vya kazi, au yeye anakutegemea wewe kwa riziki, au hafanyi kazi kwa mwingine. Wapo wanaosema, "Mimi sina mfanyakazi, yule namlipa asilimia ya kamisheni." Hebu tazama hizo dalili. Simu ni yako, laini ni yako, floti ni yako, kibanda ni chako, na saa ya kufungua umepanga wewe. Kumlipa asilimia badala ya mshahara hakubadilishi kitu.

Sasa tuingie kwenye jambo linalouma pande zote mbili: upotevu.

Kila mwenye kibanda analijua. Jioni unafunga hesabu, unakuta laki nne hazipo. Pengine msichana ametuma pesa kwa namba isiyo yake, pengine amepokea noti bandia, pengine tapeli amepiga simu akijifanya mtu wa kampuni akamhadaa abonyeze namba fulani. Desturi ya mpakani ni moja: atalipa. Mshahara wa mwezi huo hapati, na wa mwezi ujao hapati, mpaka laki nne zirudi. Akikataa, anafukuzwa, na wakati mwingine anapelekwa polisi aandikishwe deni.

Nimewahi kuisikia hoja ya wenye vibanda, na si hoja ya kipuuzi. Kamisheni ni ndogo. Laki nne zikipotea, faida ya miezi kadhaa imekwenda. Kampuni haitakurudishia hata senti. Nani abebe?

Sheria imejibu, na jibu lake halimpendelei mfanyakazi tu kama watu wanavyodhani. Tanzania, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakuruhusu kukata mshahara kwa hasara, ikiwa mfanyakazi amekubali kwa maandishi, na kwa masharti: hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, umwandikie sababu, kiasi na namna ulivyopiga hesabu, umpe nafasi ya kupinga, usikate zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kwa hiyo kama analipwa laki tatu, unaweza kukata elfu sabini na tano kwa mwezi. Laki nne zitarudi ndani ya miezi sita. Zitarudi, lakini atakuwa amekula, amelipa pango, na hatakuwa na sababu ya kukuibia ili aishi.

Kenya, kifungu cha 19 kinaruhusu kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi. Lakini soma vizuri: ni mfanyakazi ambaye mkataba wake unataja wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Na makato yote kwa jumla, pamoja na yale ya serikali, yasizidi theluthi mbili za mshahara. Anayelipwa elfu kumi na nane lazima abaki na elfu sita mkononi, hata kama droo ilikutwa tupu.

Hapo ndipo wenye vibanda wengi wanajikata wenyewe. Walikataa kumwandikia msichana mkataba kwa kuogopa kwamba karatasi itampa haki. Kumbe karatasi hiyo hiyo ndiyo ingewapa wao haki ya kukata upungufu. Bila mkataba unaotaja kazi ya kushika fedha, au bila kukubali kwake kwa maandishi, kila shilingi uliyomkata ni shilingi anayoweza kukudai. Na akikudai, utajitetea kwa nini? Kenya na Tanzania zote mbili zimeandika kwamba mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi, yeye ndiye anayebeba jukumu la kuthibitisha masharti ya kazi. Msichana akisema mlikubaliana laki tatu na wewe ukasema laki mbili, bila karatasi kazi ya kuthibitisha ni yako.

Tena uzembe si kila kosa. Ukimfungia kijana kibandani tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, huyo amefanya saa tisini. Sheria ya Tanzania inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Amefanya mara mbili. Saa mbili usiku amechoka, anabonyeza sifuri moja zaidi. Je, uzembe ni wa nani? Msuluhishi makini atauliza swali hilo kabla hujafungua daftari lako.

Kuhusu saa, mwenye vibanda pande mbili za mpaka ajue kwamba anavuka na sheria pia. Rwanda ilishusha wiki ya kazi hadi saa 40 tangu Januari 2023. Ukivuka Rusumo kuingia Tanzania, ni 45. Uganda ni 48. Kenya, amri ya jumla ya mishahara inataja 52. Likizo nayo inabadilika: Tanzania siku 28 mfululizo kwa mwaka, Kenya siku 21 za kazi, Uganda siku saba kwa kila miezi minne. Likizo ya uzazi ni siku 84 Tanzania, miezi mitatu Kenya, siku 60 za kazi Uganda, wiki 14 Rwanda. Mshahara wa chini ndio wenye kioja: Uganda kiwango kilicho kwenye vitabu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na kimekaa hapo tangu 1984, bei ya soda chache. Kwa hiyo Busia upande wa Uganda mshahara unategemea makubaliano, hatua mia moja mbele upande wa Kenya unategemea amri ya serikali. Mfanyabiashara anayempeleka mfanyakazi wake upande mwingine "akae wiki mbili tatu" afahamu kwamba sheria inayomfuata ni ya mahali anapofanya kazi, wala si ya mahali bosi anapolala.

Michango ya hifadhi ya jamii haina tena mlango wa kujificha. Zamani Uganda mwenye wafanyakazi chini ya watano alikuwa nje ya NSSF. Marekebisho ya 2022 yalifuta jambo hilo. Hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kumwandikisha, yeye akitoa asilimia 10 na mfanyakazi 5. Tanzania jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Rwanda mchango wa pensheni ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12 kuanzia Januari 2025, nusu kwa nusu. Kenya imeongeza mfuko wa afya wa asilimia 2.75 anaokatwa mfanyakazi, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ambayo mwajiri naye anaongeza kiasi hicho hicho. Mwenye kibanda anayesoma haya atakuna kichwa, na ana haki ya kukuna.

Lakini mchango ambao mtu wa mpakani hapaswi kuuruka hata siku moja ni wa kuumia kazini. Wakala wa pesa ni mtu anayekaa na fedha taslimu mahali panapojulikana. Anavamiwa. Anapigwa panga au risasi wakati wa kufunga. Kenya, sheria ya fidia ya mwaka 2007, ambayo wengi wanaiita WIBA, inamtaka kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, na fidia ya kifo au ulemavu wa kudumu kabisa inapigwa kwa mapato ya miezi 96. Hesabu mwenyewe: mshahara wa elfu kumi na nane mara 96 ni zaidi ya milioni moja na laki saba. Kama hukulipa bima, familia haitaenda kwa kampuni yenye rangi ya ukutani. Itakuja dukani kwako. Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ukijiandikisha na kutoa mchango wake, ambao ni sehemu ndogo sana ya mshahara, mzigo huo unaubeba mfuko.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mwenye kibanda ndiye mkosaji peke yake. Haki itendeke: anabanwa pia. Kamisheni inapangwa na kampuni. Bei ya mafuta sheli haipangi yeye. Bei ya kuku na aina ya karatasi ya kufungia vimeandikwa kwenye mkataba. Pango analipa bei ya soko, umeme bei ya serikali. Katika hesabu yake yote kuna mstari mmoja tu anaoweza kuufinya, nao ni wa mshahara. Mtu akijua hivyo hashangai tena kwa nini maduka yenye majina makubwa na ya kuvutia mara nyingi ndiyo yenye malipo duni.

Australia walilijua hilo kwa aibu. Mwaka 2015 waandishi wa habari walifichua kwamba katika maduka ya 7-Eleven, yanayoendeshwa na wafanyabiashara wadogo waliokodi jina, vijana wengi wa kutoka nje, hasa wanafunzi, walikuwa wakilipwa nusu ya haki yao. Mbinu zilikuwa nyingi. Wengine waliandikiwa saa ishirini wakafanya arobaini. Wengine walilipwa sawasawa benki, kisha wakatakiwa kurudisha sehemu ya pesa taslimu dukani. Na kwa kuwa viza zao ziliweka kikomo cha saa za kazi, aliyelalamika alitishiwa kuripotiwa uhamiaji. Mwenye jina alijitetea kama wanavyojitetea wote: hao si wafanyakazi wangu. Lakini ilipochunguzwa, ilionekana kwamba mgawanyo wa faida, ambao mwenye jina alichukua zaidi ya nusu ya faida ghafi ya duka, ulifanya maduka mengi yasiweze kulipa mishahara halali na bado yabaki hai. Hatimaye kampuni ililipa fidia ya zaidi ya dola milioni 150 za Australia, na mwaka 2017 bunge likapitisha sheria: mwenye jina mwenye mamlaka juu ya duka, aliyejua au aliyepaswa kujua kwamba wafanyakazi wanapunjwa, na asichukue hatua za maana kuzuia, atawajibika naye.

Sheria zetu za kazi zimeandikwa kwa kumfikiria mwajiri mmoja na mwajiriwa mmoja. Mwenye jina anakaa pembeni, anahesabu. Anakagua kama bango limeoshwa na kama fulana ya msichana ina nembo sahihi, lakini haulizi kama ana mkataba. Mimi naona swali hilo ni la vyama vya mawakala na vya wenye sheli kulipeleka mezani, tena kwa faida yao wenyewe. Kama kampuni inaweza kukuamuru uvae rangi fulani na ufungue saa fulani, basi kamisheni inayokupa ipigwe hesabu ikiwa na mshahara halali na michango ndani yake. Mwenye kibanda mmoja akisema hivyo anaambiwa arudishe laini. Mia mbili wakisema, wanasikilizwa.

Kuna jambo jipya linalowahusu wanaofanya kazi kwa jina la mtu mwingine. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, miongoni mwake rejareja, utumaji wa pesa kwa simu, usafirishaji wa vifurushi na saluni. Majirani walilalamika, Kenya kwa sauti kubwa zaidi, wakitaja Soko la Pamoja lililoanza kufanya kazi Julai 2010. Mjadala huo ni wa mawaziri. Hatari iliyopo chini, mitaani, ni ile njia ya mkato: mgeni mwenye mtaji anaandikisha laini na leseni kwa jina la msichana raia anayekaa kibandani. Kwenye karatasi yeye ndiye mwenye biashara. Kwa kweli analipwa mshahara kama zamani. Kodi ikidaiwa, inadaiwa kwake. Mteja akitapeliwa kupitia laini hiyo, polisi wanamtafuta yeye. Na amri yenyewe ina adhabu kwa raia anayemsaidia mgeni kukwepa. Msichana wa laki tatu kwa mwezi amebeba mzigo wa mtu wa mamilioni, na siku mkikosana hana hata pa kudai mshahara, kwa kuwa yeye ndiye "mwenye duka". Naye mwenye mtaji hana pa kudai mtaji wake. Kama umeingia kwenye mpango wa namna hii, tafuta mwanasheria kabla mkaguzi hajaja.

Vilevile tusidanganyane kuhusu ndugu. Desturi yetu ni kumleta mpwa kutoka kijijini, anakula nyumbani kwako, analala kwako, mwisho wa mwaka unamnunulia pikipiki au unampa mtaji. Sheria ya Kenya inaacha nje biashara ya familia ambayo wanaokutegemea ndio wafanyakazi pekee. Lakini ukishamwongeza kijana mmoja wa kulipwa, kinga hiyo hainayo tena biashara yako. Na mpwa mwenyewe, akivuka mpaka, ni mgeni anayefanya kazi. Kenya, Uganda na Rwanda ziliondoleana ada ya kibali cha kazi. Kibali chenyewe hazikukiondoa. Bado kinaombwa.

Kwa anayetaka kuanza kurekebisha wiki hii, karatasi mbili zinatosha kwa mwanzo. Ya kwanza ni mkataba wa ukurasa mmoja kwa kila mtu: jina, kazi, mahali, saa, mshahara na siku ya kulipwa, likizo, na mstari unaosema amekabidhiwa kushika fedha na namna upungufu utakavyohesabiwa. Msainiane, kila mmoja abaki na nakala. Ya pili ni ya kila jioni: kiasi cha floti na cha taslimu wakati wa kufungua na wakati wa kufunga, sahihi mbili. Upungufu ukitokea, utajua umetokea siku gani na zamu ya nani, badala ya kumwangushia aliyekutwa. Ukiamua kumwachisha mtu kazi, msikilize kwanza na uandike alichosema. Tanzania mfanyakazi ana siku 30 za kufungua lalamiko la kuachishwa isivyo haki mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko hahitaji wakili wala pesa nyingi kufika.

Na wewe unayekaa kibandani ukisoma gazeti hili kati ya mteja na mteja: tunza ujumbe wa simu unaoonyesha ulivyolipwa, piga picha daftari la kila jioni, na nenda NSSF ukaulize kama jina lako lipo. Wengi wameenda wakakuta michango ilikatwa kwenye mshahara na haikufika.